Siku ya Kazi Katika Timu ya Gari Linalojiendesha: Mwongozo Kamili Kuanzia Kikao cha Asubuhi Hadi Kuchaji Betri

Tarehe 13 Machi 2004, magari 15 yasiyo na dereva yalipangwa katika jangwa la Mojave, Marekani, kushindania dola milioni 1 zilizotolewa na DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 240 hivi. Gari lililofika mbali kuliko yote, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilikwama kabla halijatimiza kilomita 12. Tarehe 8 Oktoba 2005 shindano likarudiwa kwenye njia ya kilomita 212. Safari hii magari matano yalimaliza, na Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford, likashinda kwa saa 6 na dakika 54.

Leza na kompyuta hazikugeuka kuwa kitu kingine ndani ya miezi hiyo 19. Kilichobadilika sana ni namna timu zilivyofanya majaribio. Timu ya Stanford ilihamia jangwani Arizona kwa wiki kadhaa kabla ya shindano: ikaendesha gari, ikasoma rekodi, ikarekebisha, ikaendesha tena. Mwongozo huu unahusu mzunguko huo. Ninaamini gari linalojiendesha hutengenezwa zaidi na mpangilio wa siku ya timu kuliko ujanja wa mtu mmoja, na timu nyingi zenye vichwa vizuri hushindwa kwa sababu siku zao hazina mpangilio. Katika siku nzima ya kazi, gari huenda lenyewe labda kwa saa moja. Saa zote zilizobaki ni za kuiandaa saa hiyo na za kuelewa kilichotokea ndani yake.

Yote yaliyomo humu yanafaa kwa gari la ukubwa kamili na kwa gari dogo la majaribio lenye ukubwa wa moja kwa kumi. Palipo na tofauti, nimesema.

Kabla ya yote: kila sehemu iwe na mwenyewe

Gari linalojiendesha lina mnyororo wa kazi. Vitambuzi (kamera, rada, lida inayopima umbali kwa miale ya leza, kipokezi cha GPS, kipima mwendo) huleta data. Programu ya utambuzi huamua nini ni mtu, nini ni ukuta, nini ni mstari wa barabara. Programu nyingine hukadiria gari liko wapi. Mpangaji wa njia huamua lielekee wapi, na kidhibiti hugeuza uamuzi huo kuwa usukani, mafuta na breki. Kila pingili ya mnyororo huo impate mtu mmoja anayewajibika nayo, na mtu wa pili anayeifahamu kiasi cha kuitengeneza mwenzake akiwa mgonjwa. Sehemu yenye wenyewe watano haina mwenyewe.

Halafu mchagueni mtu ambaye hana pingili yake, ila anaangalia viungo vinavyoziunganisha. Hitilafu ngumu hazikai ndani ya programu ya mtu mmoja. Hukaa pale programu mbili zinapokutana, moja ikitoa pembe kwa nyuzi na nyingine ikiitarajia kwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Siku ya kwanza kabisa andikeni makubaliano na kuyabandika ukutani: vipimo vyote ni mita, sekunde na radiani, mhimili wa x unaelekea mbele ya gari, y kushoto, z juu, kitovu cha gari ni katikati ya ekseli ya nyuma. Mkiwa na makubaliano mengine, sawa, mradi yawe mamoja kwa wote. Karatasi hiyo moja itawaokolea wiki.

Asubuhi: kikao cha dakika kumi na tano

Kaeni, au simameni, mbele ya ubao. Msizunguke mkiulizana kila mtu jana alifanya nini. Taarifa hiyo inaweza kuandikwa. Muda huu utumieni kwa maswali matatu. Jana gari lilifanya nini ambacho hatukukitarajia? Leo tunataka kujua nini? Nani anahitaji gari, na kwa muda gani?

Swali la tatu ndilo linaloleta ugomvi, kwa kuwa gari ni moja na watu ni wengi. Mtu wa mitambo anataka kubadilisha pampu ya breki, mtu wa kamera anataka kupima lenzi, mtu wa njia anataka kwenda uwanjani sasa hivi. Tengenezeni ratiba ya zamu za gari na iheshimiwe kama ratiba ya treni. Asiyehitaji gari lote aeleze anahitaji nini hasa: mara nyingi anayeomba gari anahitaji kamera na kompyuta tu, na hivyo vinaweza kufanya kazi mezani wakati mwenzake yuko chini ya gari na spana.

Swali la pili liandikwe kwa umbo la swali. "Kujaribu kidhibiti kipya" si jaribio. "Je, gari linabaki ndani ya sentimita 20 za njia kwenye kona ya uwanja, likienda kilomita 15 kwa saa?" hilo ni jaribio, kwa sababu jioni mtaweza kulijibu ndiyo au hapana. Swali lisilo na jibu linalopimika lirudi kwa mwenyewe alifikirie upya, hata kama ndiye mkubwa wa timu.

Mezani: hakuna kitu kipya kinachoanzia barabarani

Saa za asubuhi ni za kuandika na kupima programu. Kila badiliko lisomwe na mtu wa pili kabla halijaunganishwa na la wenzake. Baada ya hapo lipitie milango miwili: simulesheni, yaani gari la kuigiza ndani ya kompyuta, na kurudiwa kwa rekodi za safari halisi. Milango hii haifanani. Simulesheni inakuonyesha gari litakavyoitikia uamuzi mpya, lakini dunia yake ni safi mno. Rekodi za kweli zina vumbi, jua la machweo na matone kwenye lenzi, ila haziwezi kukuambia kingetokea nini kama gari lingekata kushoto badala ya kulia. Tumieni zote mbili, na msiipe simulesheni heshima isiyoistahili.

Wekeni saa ya kufunga mabadiliko, tuseme saa mbili kabla ya kutoka. Baada ya saa hiyo toleo la programu linapewa namba, namba inaandikwa ubaoni, na hakuna anayegusa. Faili za mipangilio nazo zihesabiwe kuwa sehemu ya programu: kasi ya juu, nguvu ya kidhibiti, mahali kamera ilipofungwa. Nimeona timu zikilinda msimbo kwa umakini mkubwa huku mipangilio ikibadilishwa kwa mkono ndani ya gari na kusahaulika. Siku hiyo yote ya majaribio huwa haina maana, maana hakuna ajuaye ni gari gani hasa lililopimwa.

Ukaguzi kabla ya gari kuondoka

Hapa ndipo ninapoomba mtulie. Ukaguzi ufanywe na watu wawili, mmoja akisoma karatasi kwa sauti, mwingine akigusa kitu chenyewe na kujibu. Kukagua kwa kumbukumbu ya kichwa hakutoshi, hata kwa mtu aliyefanya hivyo mara mia.

Anzeni na mitambo. Pimeni upepo wa matairi, kwa sababu gari hukadiria umbali kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Kosa la asilimia moja kwenye kipenyo ni mita nzima kwa kila mita mia. Shikeni kila kitambuzi na kukitikisa kidogo. Kamera iliyogeuka nyuzi moja tu itamweka mtu aliye mita 50 mbele karibu mita moja pembeni ya mahali alipo. Pigeni alama za rangi kwenye bolti na nati baada ya kukaza, ili jicho lione mara moja iliyolegea.

Fuatieni umeme. Voltiji ya betri, fyuzi, plagi zilizokaa sawa, nyaya zisizosuguana na chuma. Kama gari linatumia basi la CAN, mtandao wa nyaya mbili unaounganisha vifaa vya gari, kupeleka amri kwa usukani na breki, zimeni umeme wote, kisha pimeni ukinzani kati ya nyaya zake mbili: mita ikisoma karibu ohmu 60 basi ncha zote mbili zina vikinza vyake vya umeme; ikisoma 120, kimoja hakipo au kimeachia. Ni kipimo cha nusu dakika kinachoondoa hitilafu za ajabu ajabu ambazo zingewala siku nzima.

Halafu vitambuzi. Futeni lenzi kwa kitambaa laini. Egesheni gari likitazama kona ya ukuta au mlingoti, mchore nukta za lida juu ya picha ya kamera na kuangalia kama kingo zinakutana. Zisipokutana, kalibresheni, yaani ulinganisho wa vitambuzi, imeharibika, na hakuna haja ya kutoka. Angalieni GPS inaona setilaiti za kutosha na, kama mnatumia masahihisho ya usahihi wa sentimita, kwamba masahihisho yanaingia.

Saa za vifaa ni jambo linalosahaulika kuliko yote. Kila picha na kila mzunguko wa lida hubeba muhuri wa saa ulipochukuliwa. Saa ya kamera ikichelewa kwa milisekunde 50 nyuma ya lida, na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, kitu kimoja kitaonekana mahali pawili palipoachana kwa sentimita 70 hivi. Mtu wa utambuzi atahangaika na programu yake ambayo haina kosa lolote. Ukaguzi uoneshe tofauti ya saa za vifaa vyote kwenye skrini moja, na uzuie gari kuondoka tofauti hiyo ikizidi kiwango mlichokubaliana.

Mwisho ni kitufe cha kusimamisha gari kwa dharura. Kibonyezeni kweli, kila siku, gari likiwa linatembea polepole. Kile cha redio kijaribiwe namna mbili: kwa kukibonyeza, na kwa kukipeleka mbali hadi mawasiliano yakatike, maana gari lililopoteza mawasiliano linapaswa kusimama lenyewe. Kitufe kikate nguvu ya mota na kufunga breki kwa njia isiyopitia kompyuta kuu. Kompyuta iliyoganda haiwezi kupokea ombi la kusimama. Kwa gari dogo, fanyeni ukaguzi huu likiwa juu ya stendi, magurudumu yakielea.

Uwanjani

Watu wanne wanatosha, na kila mmoja ana kazi moja. Dereva wa usalama anatazama barabara, mikono karibu na usukani, mguu karibu na breki. Haangalii skrini, hajibu simu, hajadili programu. Msomaji anakaa pembeni yake na kompyuta na kutamka kwa sauti kile gari linachodhani linaona na kinachofuata: "Linaona koni. Litapita kushoto." Mtazamaji wa nje anaangalia watu na magari mengine, akiwa na redio ya mkononi. Mkuu wa jaribio ana karatasi ya maswali, na ndiye pekee anayesema jaribio lianze. Kusimamisha, kila mtu ana ruhusa, bila kuomba na bila kuulizwa kwa nini hadi gari litulie.

Kubalianeni maneno mafupi ya kukabidhiana gari, na yarudiwe na wote wawili. "Kompyuta inashika." "Kompyuta imeshika." "Nimechukua." Sekunde ambayo kila mmoja anadhani mwingine ndiye anayeendesha ni hatari kuliko hitilafu yoyote ya programu.

Kuhusu dereva wa usalama sitaficha hisia zangu: hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na timu nyingi humpa mgeni au aliye na nafasi. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulionyesha kwamba vitambuzi vilimwona sekunde 5.6 kabla. Programu ilikuwa ikibadilisha jina la ilichokiona, mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipobadilisha ikaacha historia ya mwendo wake. Mtu aliyekaa kwenye usukani alikuwa akitazama simu. Kampuni ilikuwa imeondoa mtu wa pili ndani ya gari miezi kadhaa kabla. Kila kizuizi kilichopaswa kukamata kosa la kizuizi kingine kilikuwa kimelegezwa.

Basi mpeni dereva mafunzo ya kweli. Mfundisheni uwanja mtupu, mmoja wenu akiingiza makosa kwa makusudi, usukani ukivutwa ghafla, breki ikikataa, hadi mwili wake uitikie kabla ya kufikiri. Mbadilisheni kila baada ya saa moja au chini ya hapo, kwa sababu kutazama gari linaloendesha vizuri huchosha macho haraka kuliko kuendesha. Na akisema amechoka, siku imekwisha kwa upande wake.

Kasi ipandishwe kwa ngazi. Jaribio lililofaulu kwa kasi ya mtu anayetembea lirudiwe kwa kasi ya anayekimbia, kisha ya baiskeli. Msibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Jua linapokaribia kuzama kila mtu hutamani kubadilisha vitatu na kuona bahati itasemaje. Hapo ndipo mkuu wa jaribio anapaswa kukataa. Nasi tuna kanuni: gari likifanya mara mbili jambo lisilo salama ambalo hakuna anayeweza kulieleza, tunarudi karakanani kusoma rekodi.

Rekodi: mali bila daftari hupotea bila habari

Methali hii ya wafanyabiashara inafaa hapa neno kwa neno. Rekodini kila kitu kuanzia gari linapowashwa, si linapoanza kutembea. Hesabuni nafasi mapema. Kamera moja yenye picha za nukta 1920 kwa 1080, picha 30 kwa sekunde, ikihifadhiwa bila kubanwa, hutoa megabaiti 187 hivi kila sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 670 kwa saa. Kamera tatu zitajaza diski kabla ya chakula cha mchana, na diski ikijaa, programu nyingi za kurekodi huacha kuandika bila kumwambia mtu.

Jina la faili libebe tarehe, namba ya jaribio na toleo la programu. Pembeni yake pawe na maelezo mafupi ya binadamu: hali ya hewa, nani alikuwa kwenye usukani, swali lilikuwa nini, jibu lilionekanaje. Msomaji awe na kitufe cha kuweka alama ndani ya rekodi kila jambo la ajabu linapotokea, na aseme maneno mawili kwenye maikrofoni. Bila alama hiyo, mtu atatumia saa mbili usiku akitafuta sekunde tatu. Nakala ya data ihamishwe kwenye hifadhi ya timu kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani, na diski ya gari isifutwe hadi nakala ihakikiwe.

Mchana na jioni: kusoma kilichotokea

Hii ndiyo sehemu niipendayo, na ndiyo inayofanya gari kuwa bora. Chukueni tukio moja lililowekewa alama, mlifuate kwenye mnyororo kuanzia mwanzo, pingili baada ya pingili. Vitambuzi viliona nini? Programu ya utambuzi ilisema nini? Gari lilidhani liko wapi? Mpangaji alitaka nini? Kidhibiti kiliamuru nini, na usukani ulifanya nini kwa kweli? Simameni kwenye pingili ya kwanza ambapo kilichoingia kilikuwa sahihi na kilichotoka si sahihi. Msiruke. Kishawishi ni kurekebisha pale dalili inapoonekana, na dalili huonekana mwishoni, kwenye usukani.

Mfano wa kwanza: gari linayumba kama nyoka kwenye barabara iliyonyooka. Mtu wa udhibiti ataanza kupunguza nguvu ya kidhibiti, na kuyumba kutapungua kidogo. Lakini chora kwenye grafu moja amri ya usukani na pembe halisi ya usukani. Pembe ikifuata amri kwa kuchelewa, labda robo sekunde, basi kidhibiti kinarekebisha kosa ambalo gari limeshalipita, kisha kinarekebisha marekebisho yake. Chanzo kinaweza kuwa mota ya usukani, ujumbe unaongoja foleni kwenye kompyuta iliyoelemewa, au makadirio ya mahali yanayofika yakiwa yamezeeka. Kupunguza nguvu kungeficha ugonjwa hadi siku gari litakapohitaji kukata kona kwa haraka.

Wa pili: gari linafunga breki mbele ya barabara tupu. Tazameni nukta za lida kwanza. Vumbi, mvuke wa bomba la moshi, mvua na majani marefu vyote hurudisha mwale wa leza, na gari hudhani ni kitu kigumu. Kama nukta hazipo na kamera ndiyo iliyolalamika, angalieni pembe ya jua na vivuli. Kama hakuna kilicholalamika, ulizeni ramani. Na kumbukeni kwamba lida inayozunguka mara 10 kwa sekunde hutumia sehemu ya kumi ya sekunde kumaliza duara moja. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari limesogea mita 1.4 tangu duara lilipoanza. Msipofidia mwendo huo, kuta hupinda na kitu kimoja huwa viwili.

Wa tatu unauma zaidi, gari linaloruka pembeni ghafla kwa nusu mita. Mara nyingi ni GPS iliyopokea mawimbi yaliyogonga jengo kabla ya kufika, na kichujio cha Kalman, hesabu inayounganisha vipimo vya vitambuzi kuwa kadirio moja la mahali, kikaiamini kuliko magurudumu na kipima mwendo. Dawa yake ni kukifundisha kichujio kushuku kipimo kinachopingana na vingine vyote.

Kila tukio likieleweka, kipande chake cha rekodi, sekunde 20 au 30, kikatwe na kuwekwa kwenye ghala la mitihani linaloendeshwa usiku dhidi ya kila toleo jipya. Ghala hili ndilo utajiri halisi wa timu. Watu huondoka, vitambuzi hubadilishwa, programu huandikwa upya, lakini hitilafu iliyowahi kukamatwa isipewe nafasi ya kurudi bila kuonekana.

Kikao cha kusoma rekodi kina adabu yake. Kosa lisemwe kwa jina la pingili, si la mtu. Katika shindano la mjini la DARPA, tarehe 3 Novemba 2007 huko Victorville, California, magari ya vyuo vikuu vya MIT na Cornell yaligongana kwa mwendo mdogo. Timu hizo mbili zilizokuwa zikishindana ziliweka rekodi zao pamoja na kuandika kwa pamoja kwa nini ilitokea: moja lilikuwa limesimama na kuendelea kwa kusitasita, jingine lililiona kama rundo la vizuizi visivyotembea. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kama mahasimu waliweza, watu wa karakana moja hawana kisingizio. Mwanafunzi mgeni anayesema "nadhani ni mimi niliyefungua plagi hii" anapaswa kushukuriwa hapo hapo, mbele ya wote, ili kesho aseme tena.

Kufunga siku

Zimeni kompyuta kwa utaratibu kabla ya kukata umeme. Betri za lithiamu zichajiwe mtu akiwepo, juu ya sehemu isiyoshika moto, kwa chaja inayosawazisha seli. Kila seli ya aina za kawaida (LiPo na Li-ion) ikomee volti 4.2, na isiachwe kushuka chini ya volti 3. Iliyovimba haichajiwi tena, hata mara moja. Vifaa virudi mahali pake. Mtu wa mwisho aandike kwenye ubao hali ya gari kwa mistari mitatu: kinachofanya kazi, kisichofanya kazi, na kilichofunguliwa lakini hakijafungwa. Mstari wa tatu ndio utakaomwokoa atakayewasha gari asubuhi.

Wiki ya maonyesho au shindano

Siku saba kabla, fungeni programu. Kuanzia hapo ni marekebisho ya hitilafu tu, kila moja ikipita milango yote, na yeyote anayeleta wazo zuri aliandike kwa ajili ya wiki inayofuata. Wazo zuri la usiku wa mwisho limeshaziangusha timu nyingi. Pakieni vipuri kwa kuangalia daftari la vilivyoharibika wakati wa majaribio, bila kubahatisha: nyaya na plagi kwanza, kisha diski, kitufe cha redio cha akiba, betri. Pangeni usingizi kwa zamu na uandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote.

Fikeni mapema mfanye ukaguzi wote upya mahali penyewe. Katika shindano hilo la 2007, Boss, gari la Carnegie Mellon, lilikuwa mstari wa kuanzia lilipopoteza mawimbi ya GPS. Skrini kubwa ya watazamaji iliyokuwa karibu ndiyo iliyokuwa ikiyavuruga. Ilizimwa, Boss likaanza kwa kuchelewa na kushinda. Tatizo lilijulikana kabla gari halijasogea. Kwa hiyo mkifika, washeni kila kitambuzi mkiwa pale pale mtakapoanzia, vifaa vya wenyeji vikiwa vimewashwa vyote, taa, vipaza sauti, redio, na mlinganishe kelele ya mawimbi na ile ya uwanja wenu. Ikizidi, mna muda wa kumwomba mtu azime kitu.

Baada ya maonyesho, hata yakienda vibaya, hamisheni data kwanza, wekeni betri hizo za LiPo au Li-ion kwenye volti 3.8 kwa seli kwa ajili ya kuhifadhiwa, na mng'oe waya wowote wa muda uliofungwa kwa haraka siku hiyo kabla haujageuka kuwa sehemu ya gari.